Usingizi Nilioudharau Kule Mpwapwa

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nimesimama kwenye zizi la Mzee Ndahani, kijiji kimoja upande wa Mpwapwa, namtazama ndama aliyezaliwa kabla ya siku zake. Alikuwa amelala kwenye vumbi, manyoya hayajamjaa mwilini, hajavuta pumzi hata moja. Mama yake, ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe pajani, alimlamba na kumlamba, kama vile kulambwa kungemwamsha. Mzee Ndahani alikuwa upande wa pili wa zizi, fimbo begani. Mimi ndiye niliyemuua ndama yule, ingawa asubuhi ile nilikuwa bado sijui.

Leo mimi ni bibi wa wajukuu tisa. Nimestaafu kazi ya mifugo, naishi hapa Nkuhungu, Dodoma, na vyumba viwili vya uani nimewapangisha wanafunzi. Taa zao naziona mpaka alfajiri. Asubuhi nawasikia pale bombani wakijisifu, huyu amelala saa mbili, yule hajalala kabisa, na asiyelala ndiye shujaa. Mmoja aliniambia juzi, "Bibi, usingizi nitaulala nikishahitimu." Nilimcheka kidogo. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi mwenyewe, karibu hivyo hivyo, na najua yalikonifikisha. Basi keti nikusimulie.

Nilizaliwa Njombe, kwenye baridi na ukungu. Kwetu mtu analala na mablanketi mawili na bado anakunja magoti. Nilipokuja kusomea mifugo huku uwanda wa kati, na nikapangiwa mafunzo ya vitendo kijijini mwezi wa kumi na moja, kabla mvua hazijaanza, nilidhani nimetupwa kwenye tanuri. Mimi na mwenzangu Hadija tulipewa chumba kimoja cha bati. Bati lile lilikunywa jua kutwa, na giza likiingia likaanza kututemea joto lote lile. Hadija alikuwa mwenyeji wa Singida, alijinyunyizia maji akalala. Mimi nilijigeuza kitandani kama samaki kwenye kikaango.

Siku tatu za kwanza nilihangaika. Siku ya nne nikafanya uamuzi ambao niliuona ni wa busara. Kama usingizi hauji, nilijiambia, basi sina haja nao. Nitasoma. Mtihani wa mwisho ulikuwa unakaribia, na baba yangu alikuwa amewatangazia watu wote kanisani kwamba binti yake atakuwa mganga wa ng'ombe. Nikaanza kupiga msuli kwenye taa ya chemli, miguu nimeitumbukiza kwenye beseni la maji, kikombe cha kahawa nyeusi pembeni. Nikianza kusinzia nasimama, nasoma nikitembea. Asubuhi naoga, naenda mazizini. Nilifanya hivyo zaidi ya wiki, na nikajiona nina nguvu kuliko wenzangu. Sikujua kwamba mtu asiyelala ni kama mlevi: wa mwisho kujua kwamba amelewa ni yeye mwenyewe.

Sasa sikia kilichotokea. Jioni moja Mzee Ndahani alikuja kuniita. Bwana mifugo wa kata alikuwa amekwenda kijiji cha mbali, na alikuwa ameniachia matibabu madogo madogo. Ng'ombe yule mwekundu alikuwa amevimba mguu wa nyuma, anachechemea. Nilimpapasa mguu, nikauliza maswali, na mzee akanijibu yote kwa utulivu.

"Ana mimba, binti," aliniambia. "Mwezi wa saba huu. Ukame umetuchukulia wengi, na huyu peke yake ndiye atakayezaa mvua zikija. Kuna mtoto mdogo mle ndani, mama yake amefariki. Tunategemea maziwa ya huyu."

"Nimesikia, mzee," nikamjibu. "Nitakuja asubuhi na dawa."

Sikuandika kitu. Kichwa changu nilikiamini. Usiku ule nikafungua vitabu kama kawaida, na bahati mbaya iliyoje, mwanangu, nikasoma ukurasa unaohusu dawa ile ile niliyokuwa nakusudia kuitumia, dawa kali ya kupunguza uvimbe. Ukurasa ule ulisema wazi kwamba ng'ombe mwenye mimba kubwa asidungwe, maana ataitupa mimba. Nikapigia mstari kwa kalamu nyekundu, nikageuza ukurasa.

Kulipokucha nikaenda. Mzee Ndahani alikuwa amepeleka kundi kisimani. Mkewe, Bibi Mandia, ndiye aliyemshika ng'ombe pembe. Nilivuta dawa, nikadunga, nikafuta sindano, nikaaga. Neno la mzee kuhusu mimba halikunijia, wala ule mstari mwekundu. Ng'ombe yuko mbele yangu, tumbo limejaa, nami naona mguu tu.

Siku ya tatu akatupa mimba.

Pale zizini Mzee Ndahani alisema labda ni majani mabaya, labda ni ule ugonjwa unaowafanya ng'ombe watupe mimba. Nami nikaitikia, na sikuwa namdanganya. Nilijitafuta kichwani nikakuta utupu. Nikarudi chumbani mchana huo, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi mwili ukanishinda. Nilijilaza juu ya mkeka sakafuni, ambako kulikuwa na ubaridi kidogo, nikalala kama gogo mpaka jua likawa linaelekea kuzama.

Nilipofumbua macho, mambo mawili yalikuwa yamesimama mbele yangu, yote wazi kama mchana. La kwanza ni sauti ya mzee: mwezi wa saba huu. La pili ni mstari mwekundu. Nikakaa kitako pale sakafuni.

Hadija aliporudi nilimweleza yote. Alinisikiliza, akafunga mlango.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Hakuna."

"Basi mwache mzee aamini ni majani. Ng'ombe hutupa mimba kila siku. Ukisema, unaweza kufukuzwa, na ndama hatafufuka."

Hadija hakuwa mtu mbaya. Alinionea huruma, na alisema ambalo wengi wangelisema. Lakini wahenga walisema mficha uchi hazai, nami nilijua kwamba nikilifunika hili nitakuwa nalifunika maisha yangu yote. Nikavaa viatu. Njiani mara mbili nilisimama nikataka kurudi. Sikurudi. Katika yote niliyofanya mwezi ule, mwanangu, hilo ndilo pekee ninalojivunia.

Nilimkuta Mzee Ndahani amekaa nje ya tembe yake, nyumba ya paa la udongo, anachonga mpini wa jembe. Bibi Mandia alikuwa anapepeta uwele. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Ng'ombe yule hakula majani mabaya. Nimemharibia mimba mimi, kwa sindano yangu. Uliniambia ana mimba nikasahau. Na dawa ile nilikuwa nimesoma usiku huo huo kwamba haifai, nikasahau pia."

Ungo wa Bibi Mandia ulisimama. Mzee aliweka kisu chini. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa fimbo. Aliniuliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Umelala lini?"

"Nimelala leo mchana, mzee."

"Kabla ya leo?"

Nikahesabu, nikaona aibu. Nikamweleza habari za joto, vitabu, beseni na kahawa. Alinisikiliza akitikisa kichwa polepole.

"Mimi sikusoma," akasema. "Wewe ndiye unayesomea ng'ombe. Hebu niambie, ng'ombe akilishwa kutwa kucha, akanyimwa nafasi ya kulala chini acheue, inakuwaje?"

"Tumbo linavimba, mzee."

"Anaweza kufa?"

"Anaweza."

"Na yale majani mazuri aliyokula yamemfaa nini?"

"Hayakumfaa kitu, mzee."

"Kutwa unalishwa maneno, na usiku unajishindilia mengine. Ukacheue saa ngapi? Mimi nilikwambia kwa kinywa changu mwenyewe. Maneno yaliingia, yakakosa pa kukaa, yakatoka. Huo si ujinga, binti. Mjinga hajui. Wewe ulijua mara mbili."

Maneno yale yaliniuma kuliko fimbo. Lakini Bibi Mandia ndiye aliyenivunja kabisa. Aliingia ndani, akatoka na mtoto mgongoni, akageuka ili nimwone vizuri.

"Huyu atakunywa nini mvua zikinyesha?" akauliza. Hakupaza sauti. Akaendelea kupepeta.

Nililia pale pale. Mzee aliniacha nilie mpaka nikamaliza, ndipo akatoa hukumu. Siku zilizobaki za mafunzo yangu, zilikuwa kumi na nane, nihamie kwake. Sindano nisiishike zizini mwake mpaka niwajue ng'ombe wake wote thelathini na mmoja, kila mmoja kwa jina lake, mama yake, na hali yake. Na kulala, nitalala Bibi Mandia atakaponiambia nilale. Bwana mifugo aliporudi, nilikiri na kwake. Alinikaripia kwa haki, akasema hukumu ya mwenye mali ndiyo ataifuata.

Usiku wa kwanza nilikuwa mbishi bado. Tulitandika ngozi za ng'ombe uani, mimi, Bibi Mandia na wajukuu zake wa kike, kwa sababu msimu wa joto hakuna anayelala ndani pale. Wenzangu waliposinzia, mimi nilijilaza macho wazi, nikarudia majina kimoyomoyo nikiyahesabu kwa vidole, nikidhani kukariri usiku kucha kutanitoa haraka. Asubuhi mzee alinisimamisha langoni ng'ombe wakitoka. Nikapata kumi, nikawachanganya mama na watoto, mmoja nikamtaja mara mbili.

"Hakulala huyu," Bibi Mandia alimwambia mumewe. "Nilimsikia akinong'ona." Kisha akanigeukia. "Mshika mawili, moja humponyoka. Mchana jifunze. Usiku niachie mimi."

Kuanzia siku ile alinishika kama mtoto. Mchana jua likiwa kali alinilaza kidogo ndani ya tembe, ambako udongo mnene wa paa huzuia joto, na akaniamsha kabla sijazama sana. Jua likikaribia kuzama alinipa maji nioge, maji yenye uvuguvugu, sio baridi kama nilivyozoea, akisema mwili ukishtushwa kwa baridi hurudisha joto kwa hasira. Kahawa akaninyima baada ya adhuhuri. Tulikula ugali wa uwele na mboga ya mlenda mapema, si wa kujaza tumbo. Halafu tunakaa nje gizani tunazungumza, na upepo wa uwanda unaanza kupita. Siku ya tatu nilisinzia kabla hadithi haijaisha. Siku ya tano sikuhisi tena lile joto. Lilikuwepo lile lile, mwanangu, halikupungua hata kidogo. Mwili wangu wa Njombe ndio uliojifunza kulala Kigogo, kama wenyeji wa huku.

Na hapo nikaona jambo lililonishangaza. Jioni mzee alikuwa ananipitisha kwenye majina, nami nakwama. Huyu mwenye pembe zilizoinama ni binti wa nani? Sijui. Huyu anayechelewa nyuma alizaa lini? Sijui. Naenda kulala nikiwa na aibu. Asubuhi nasimama langoni, sijarudia chochote, na majibu yanatoka yenyewe kinywani, moja baada ya jingine, kama ng'ombe wale wanavyotoka zizini. Mara ya kwanza nilidhani ni bahati. Baada ya siku kumi niliacha kusema bahati. Siku ya kumi na nne nilitaja wote thelathini na mmoja, mama zao, uzazi wao na vidonda vyao. Mzee Ndahani hakunisifu. Alinipa tu fimbo yake nishike, akaniambia, "Leo utachunga wewe."

Nataka usidhani kwamba kila kitu kilitengenezeka. Mvua zilikuja na maziwa hayakuwepo. Jirani mmoja, kwa utaratibu wao wa kusaidiana, aliwapa ng'ombe wa kukamua kwa muda, lakini ng'ombe huyo alikuwa na maziwa kidogo, na mtoto yule alikonda msimu ule. Nilikwenda kumwona Januari, baada ya mtihani, nikamkuta na mikono myembamba kama vijiti. Bibi Mandia alinipokea vizuri, akanipa chakula, lakini hakuniambia kwamba amenisamehe, wala mimi sikuthubutu kumwomba aseme. Mtoto alipona, akakua, leo ni mama mwenye watoto. Hilo namshukuru Mungu. Ila majuto ni mjukuu, na mjukuu huyo nimemlea mpaka leo.

Mtihani nilifaulu. Sikuwa wa kwanza wala wa pili. Usiku wa kuamkia mtihani, wenzangu walikesha, mimi nilifunga daftari jua lilipozama nikalala. Hadija aliniona nimechanganyikiwa.

Miaka ikapita, na usingizi ukaendelea kunifundisha. Nilipoolewa tulijenga Ihumwa, karibu na reli. Treni ya kwanza kupita usiku ilinirusha kitandani. Nilimwambia mume wangu kwamba hapa hapakaliki. Baada ya mwezi mmoja treni ilikuwa inapita na mimi sijui, na siku ilipochelewa ndipo nilipoamka nikijiuliza kuna nini. Mwezi wa saba upepo wa baridi wa Dodoma ulinikumbusha nyumbani, nikalala mapema na kuamka nikiwa nimechelewa kidogo, na nikaona ni haki yake mwili. Nikiitwa usiku kuzalisha ng'ombe aliyekwama, nilikwenda bila kinyongo, maana kazi ni kazi. Lakini kesho yake nilijifungia mchana nikalipa deni lile, na sikushika dawa hatari kabla sijalipa. Watu walinicheka, wakaniita mama wa usingizi. Nikawaacha wacheke. Katika miaka yangu yote ya kazi baada ya pale, sikumdunga tena mnyama sindano isiyo yake.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu, nawe unayejisifu pale bombani. Siongei kukuonea wivu ujana wako. Joto utalizoea, baridi utaizoea, utazoea hata muziki wa baa ya jirani na mataa ya mji huu ambao kila mwaka unakua. Mwili una akili kuliko tunavyoudhania, na ukiupa siku chache na utaratibu, utatafuta njia yake ya kulala popote Mungu alipouweka. Kitu kimoja haukizoei, nacho ni kunyimwa. Ukiunyima leo utanyamaza, kesho utanyamaza, na siku utakapokihitaji kichwa chako kuliko siku zote, utakikuta kitupu, na mwingine ndiye atakayeumia. Kwa kosa langu alikonda mtoto wa watu. Wewe unayesomea uuguzi, au udereva, au ualimu, jiulize ni nani atakayekonda kwa ajili yako.

Soma mchana kwa bidii, tena bidii ya kweli, maana usingizi hauhifadhi ambacho hukukiingiza. Jioni punguza mwanga, weka simu mbali na mto, oga, kula kidogo. Ukihamia mahali pageni usikate tamaa siku ya tatu, endelea kulala na kuamka kwa saa zile zile mpaka mwili ukubali. Na ukiwa umechoka, sema umechoka, usishike kazi inayobeba uhai wa mwingine. Ukikosea, nenda ukakiri kwa miguu yako mwenyewe, kabla ukweli haujakufuata. Kukosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Haya si maneno ya kutikisia kichwa tu. Nataka uyaanze leo, jua likizama.

Mungu akupe kazi itakayokuchosha kwa kheri, na mahali pa kujilaza hata kama ni ngozi juu ya udongo. Akupe moyo usio na cha kuficha, maana huo ndio unaolala. Yale unayojifunza yakae, yakusaidie wewe na wale watakaowekwa mikononi mwako. Ulale salama, mwanangu, na uamke ukikumbuka.